Mdogo wangu ana orodha ya mahali 17 Dubai, mama ana goti bovu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni nesi, nina miaka 36, nakaa Tanga. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mdogo wangu wa kiume alikuwa hata shule hajaanza. Mama akatulea kwa kikaango cha vitumbua na karai la kaimati. Ada, sare, nauli, vyote vilitoka jikoni kwake. Sasa ana miaka 66. Hajawahi kupanda ndege. Mbali alikofika ni Muhimbili, na huko alikwenda kuuguza.

Tumechanga kwa miaka miwili ili tumpeleke Dubai akatembee. Haendi kufanya biashara wala kutibiwa, anakwenda kutembea tu. Tutakwenda watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Siku tano, kufika na kuondoka ndani yake. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kupata pesa, kumbe ugumu ndio kwanza unaanza.

Mdogo wangu ametengeneza orodha ya mahali 17 na kuipanga kwa saa. Asubuhi Burj Khalifa, saa tano jumba la makumbusho ya mambo yajayo, mchana bustani ya maua, alasiri kisiwa cha mtende, usiku meli ya chakula. Kesho yake vivyo hivyo. Nikimwambia mama ana goti linalovimba akisimama sana, na presha, ananijibu kwamba hela zimeshatoka, lazima tuzitendee haki.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, haendi, lakini ametoa shilingi laki nne kwenye tiketi ya mama. Sasa anaomba tutenge siku mbili tumnunulie mzigo wa duka lake: abaya, manukato, mashuka. Ameshatuma picha za mitindo. Na majirani nao kila mmoja ana "niletee" yake. Naona haya kukataa, maana hawa ndio walionichangia nilipokuwa chuo.

Likizo yangu imeandikwa Agosti. Naweza kubadilishana na mwenzangu wa Januari, ila mdogo wangu anasema Agosti hoteli ni rahisi.

Mama mwenyewe nikimuuliza anataka kuona nini ananijibu, "Popote mtakaponipeleka wanangu." Jambo moja tu. Baba yake, yaani babu yetu, alikuwa baharia wa jahazi. Walikuwa wakipakia boriti Rufiji, wanashika upepo wa kusi mpaka Arabuni. Mama anasema babu alikuwa akitaja Maskati, Dubai na Basra kama sisi tunavyotaja Muheza na Korogwe. Hilo ndilo lililonifanya nichague Dubai, lakini kwenye orodha ya mdogo wangu silioni linapoingia.

Nisaidie, Shangazi. Naogopa tutarudi tumenuniana, na mama akiwa mgonjwa.

Mtoto wa Muuza Vitumbua, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera sana, na mpe mama salamu zangu nyingi.

Tuanze na Agosti. Achana nayo leo hii, kabla hujalipia chochote. Ni kweli hoteli huwa rahisi, na sababu ni kwamba watu wanakimbia. Mwezi huo joto la mchana Dubai hupita nyuzi 40, na usiku halishuki sana chini ya 30. Bahari iko hapo hapo, kwa hiyo juu ya joto kuna unyevu, unatoka mlangoni na miwani inafunga ukungu. Wewe ni nesi, huhitaji nikueleze joto hilo linamfanya nini mtu wa miaka 66 mwenye presha na vidonge vya kukojoza maji. Badilishana na mwenzako uchukue Januari. Mchana huwa nyuzi 24 hivi, usiku 14 au 15, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni baridi, kwa hiyo mama apakiwe sweta na shali nzito. Ila pitisheni mwaka mpya kwanza. Siku zile za fataki hoteli hupandisha bei vibaya sana na jiji hufurika watu. Nusu ya pili ya Januari itawafaa zaidi.

Sasa nikueleze yangu, ili ujue ninakuambia kitu nilichokiona.

Nimekwenda Dubai kununua mzigo tangu 2006, na kwa miaka mingi nilichokijua pale ni hoteli, duka la jumla na ofisi ya kago. Mwaka 2014 nikamchukua mama mkwe wangu. Nilimpenda sana yule mama, na nilitaka aone kila kitu. Siku ya kwanza nikampeleka Dubai Mall. Tulikwenda kwa treni, na pale stesheni kuna daraja la kupita kwa miguu hadi ndani ya maduka lenye zaidi ya mita 800. Lina sakafu zinazotembea zenyewe, lakini yeye alikuwa anaziogopa, akatembea kwa miguu yake. Tukifika mbele ya lile tangi kubwa la samaki, papa na taa wakipita juu ya vichwa vya watu, mimi nikashika simu nipige picha. Nageuka, mama mkwe kakaa kwenye benchi, kavua viatu, kavipakata. Hatazami samaki. Anatazama vidole vyake vya miguu vilivyovimba. Nikamuuliza, "Mama, umechoka?" Akasema, "Hapana mwanangu, tuendelee tu."

Wazazi wetu ndivyo walivyo. Hawezi kukuambia amechoka wakati anajua umelipa. Mama yako atawaambia "popote mtakaponipeleka" hadi goti limshinde, na hata hapo atasingizia viatu.

Kesho yake asubuhi, wakati nasubiri duka moja la mashuka lifunguliwe, tulivuka Khor, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, kwa abra, kile kiboti cha mbao, kutoka Deira kwenda Bur Dubai. Nauli dirham moja, hadi leo. Hazikupita hata dakika kumi. Upepo ulimpiga usoni, ndege weupe wa baharini wakawa wanatufuata, na mama mkwe akaanza kunisimulia jinsi alivyokuwa akivushwa Mto Pangani na mjomba wake. Tulivyoshuka akaniuliza kama tunaweza kurudia. Nikamwambia jioni. Jioni nikawa na makatoni ya kufunga. Siku ya pili nikawa na makatoni mengine. Hatukurudia. Alifariki mwaka 2016, na katika safari nzima ile kitu alichowasimulia wajukuu kilikuwa abra.

Kwa hiyo mzigo wa wifi yako ninakuambia bila kuuma maneno: usiuchukue. Siku zenu nzima za kutembea ni tatu tu, maana ya kufika na ya kuondoka hazihesabiki. Ukimpa wifi mbili, mama anabaki na moja. Ongea naye mapema, tena wewe mwenyewe, usimtume mdogo wako. Mwambie, "Wifi yangu, safari hii ni ya mama. Mchango wako tunaushukuru, na kama ulikuwa na hesabu ya mzigo ndani yake, nitakurudishia kidogo kidogo." Wifi mwenye utu ataona haya kuzipokea. Na akizipokea, laki nne ni rahisi kuliko siku mbili za mama. Majirani wapelekee tende, kila nyumba pakiti moja, zinauzwa kila mahali na hazivunjiki. Na kuna sababu nzito zaidi ya kukataa "niletee" na "nipelekee": usibebe mfuko wa mtu ambao hukuufungua na kuupanga kwa mkono wako, kwenda wala kurudi. Nchi ile haina mzaha na dawa za kulevya, na hapo wanahesabu pia mirungi. Mwambie mdogo wako na marafiki zake walisikie hilo.

Nikiwa hapo hapo, dawa za mama. Watu wa goti mara nyingi huandikiwa tramadol, au vidonge vya maumivu vyenye codeine. Kule hizo ni dawa zinazodhibitiwa, huingii nazo bila kibali cha mamlaka zao, kinachoombwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Kama anazitumia, muone daktari ambadilishie mapema au muombe kibali. Vidonge vya presha viwe kwenye paketi zake za dukani pamoja na nakala ya cheti cha daktari, na vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Unga wa mitishamba usio na jina ubaki nyumbani.

Turudi kwenye orodha ya 17. Mdogo wako si mbaya, ana uchu wa kijana anayesafiri mara ya kwanza, na pesa ni zake pia. Usimnyang'anye Dubai yake. Mtengenezee nafasi yake ndani ya siku. Mpango ni huu: mama anatoka mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni. Kuanzia adhuhuri hadi alasiri anarudi hotelini, anaswali, anakula, ananyoosha mguu juu ya mto. Maduka mengi ya masoko ya zamani yenyewe hufunga saa saba mchana hadi saa kumi, kwa hiyo hakosi kitu. Saa hizo ndizo za mdogo wako. Apande Burj Khalifa, ghorofa ya 124, na mchana tiketi ni nafuu kuliko saa za jua kuzama ambazo kila mtu anazigombea. Aende kwenye ile Dubai Frame, fremu ya mita 150, asimame katikati ya kioo aone jiji la zamani upande mmoja na jipya upande wa pili. Apande treni isiyo na dereva aende zake. Akirudi atawasimulia, na mama atafurahia masimulizi yake kuliko foleni.

Mwonye tu juu ya mambo ya treni: kula au kunywa ndani ni faini dirham 100, na behewa la wanawake na watoto asiingie, nalo ni faini hiyo hiyo. Na asipige picha watu, hasa wanawake, bila ruhusa yao. Huku kwetu utasonywa, kule ni kesi.

Lala karibu na Khor, Deira au Bur Dubai. Msivutwe na hoteli za ufukweni, ziko mbali na mtakayoyaona, na bei zake mnazijua. Upande huu kuna hoteli za wastani, misikiti kila kona, vyakula vya Kihindi na Kipakistani ambavyo mama atavila bila kuuliza, na Kiswahili utakisikia madukani, maana ofisi za kago za Dar, Mombasa na Kongo ziko huko. Hoteli wataomba amana mkifika, mnarudishiwa mkiondoka, na kuna kodi ndogo ya kila usiku kwa kila chumba ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Wekeni akiba ya hayo. Kwenye hesabu zenu, dola 100 ni dirham 367 hivi, kwa kuwa dirham imefungwa na dola tangu 1997 haipandi wala kushuka nayo. Ukiona mtu anakupa 340, tafuta duka jingine la kubadilishia fedha.

Siku ya kwanza nzima iwe ya babu.

Nimelisoma lile la boriti mara tatu. Mwanangu, umelitaja kama nyongeza, nami naona ndilo lililobeba safari yote. Bur Dubai kuna mtaa unaitwa Al Fahidi, wazee wake huuita Bastakiya kwa kuwa ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak huko Uajemi. Ni vichochoro vyembamba vyenye kivuli, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu ya mapaa kuna minara ya upepo, barjeel, iliyo wazi pande nne ili idake upepo wowote na kuushusha chumbani. Kupita mtaani ni bure. Nyumba kadhaa zimegeuzwa kuwa makumbusho madogo na mikahawa. Ingieni moja iliyotulia, mkalishe mama, kisha mwambie atazame juu.

Dari ni boriti. Boriti za mikoko zilizopangwa moja kando ya nyingine, juu yake mikeka ya makuti ya mtende, juu yake udongo. Pwani yote ya Ghuba ilikuwa haina miti ya kujengea. Boriti zilitoka kwetu, Rufiji na Lamu, zikisafiri kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Wenyewe huziita chandal. Na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: ukiangalia utaona vyumba vya zamani ni virefu lakini upande mwembamba hauzidi sana mita tatu, kwa sababu boriti ndiyo iliishia hapo. Mimi nimeingia Al Fahidi mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kwenda Dubai, nikainua macho, nikadhani niko ukumbini kwa bibi yangu. Nilisimama pale nikiwa na donge kooni. Mama yako ambaye baba yake alizibeba mgongoni, sijui atasema nini, lakini msimharakishe.

Dubai aliyoiona babu ndiyo hiyo, ya kabla ya mafuta. Mafuta yaligunduliwa 1966. Kabla ya hapo mji uliishi kwa lulu, hadi lulu za kupandwa za Wajapani zilipoiua biashara hiyo, halafu kwa uchuuzi wa majini. Khor ilikuwa na mchanga mwingi, majahazi makubwa yanashindwa kuingia, ndipo ikachimbwa na kupanuliwa karibu na 1960. Abra za wakati wake zilipigwa makasia. Kama mama bado ana nguvu, sogeeni Shindagha kwa teksi, hapo mdomoni mwa Khor, kuna nyumba ya Sheikh Saeed iliyojengwa 1896 na makumbusho ya historia ya Khor yenyewe. Makumbusho ni makubwa, nyumba baada ya nyumba. Chagueni moja au mbili, msiyamalize.

Jioni, upande wa Deira, mpelekeni gatini mahali majahazi yanapopakia. Bado yapo. Ya mbao, yamefungwa matatu matatu ubavu kwa ubavu, na barabarani yamerundikwa matairi, majokofu, magunia ya mchele yanayokwenda Iran na Somalia. Yeye atajua kuyatazama kuliko wewe. Soko la viungo liko nyuma tu ya hapo, na la dhahabu hatua chache mbele. Kama mnataka kumnunulia pete, dhahabu inauzwa kwa gramu kwa bei ya siku iliyobandikwa, hiyo hamuibishanii. Mnachokibishania ni ufundi wa kuitengeneza. Chukueni risiti, na mkinunua dirham 250 au zaidi duka moja, muulizeni juu ya marejesho ya kodi kwa watalii, mnayachukua uwanja wa ndege.

Na kaimati! Wenyewe huita luqaimat, humo ndimo jina letu lilimotoka. Humwagia asali ya tende na ufuta badala ya shira yetu. Nunueni sahani moja mlete mezani bila kumwambia kitu. Mwache mwenye karai azionje.

Siku ya pili asubuhi msitoke kabisa, au mtoke kunywa chai ya maziwa na iliki mtaa wa pili. Alasiri ndiyo jangwa. Gari huja kuwachukua saa tisa hivi, na saa tatu usiku mmerudi. Lakini hapa sikiliza vizuri. Safari nyingi wanazouza zina kipindi cha gari kurushwa juu ya vilima vya mchanga, linapanda kilimani na kudondoka ubavuni, watu wanapiga kelele. Wakala mmoja aliwahi kuniuzia hiyo akisema ni ya familia. Dada yangu mkubwa alishika mpini wa dirishani nusu saa nzima, kimya, kwa adabu tu, na kesho yake mgongo haukuinuka kitandani. Kabla hujalipa andika ujumbe kabisa: tunaye mzee mwenye goti na presha, hatutaki kurushwa mchangani, tunataka kupelekwa kambini kwa njia ya kawaida. Zipo za namna hiyo, pia kuna za hifadhi ya jangwa ambako mnaona choroa weupe wa Arabuni na swala wakila. Kambini asikalishwe chini kwenye mito, atashindwa kuinuka. Ombeni kiti. Ngamia anainuka kwa kurusha mtu mbele na nyuma, huyo apandwe na mdogo wako. Mama akae atazame jua likizama kwenye mchanga mwekundu, na lile sweta.

Siku ya tatu ningekwenda Abu Dhabi, msikiti wa Sheikh Zayed. Ni kilomita 130 hivi, basi linatoka stendi ya Al Ghubaiba, Bur Dubai, hapo hapo mnapolala, nauli dirham 25. Kuingia ni bure lakini mnajiandikisha mtandaoni kwanza. Mama na wewe mitandio na mavazi mapana, mdogo wako asivae kaptula. Isiwe Ijumaa, maana watalii husimamishwa wakati wa swala na basi hujaa. Ulifunguliwa 2007, una makuba 82, na zulia la ukumbi mkuu lilifumwa kwa mkono na wanawake wa Kiirani, lina zaidi ya mita za mraba 5,600. Njia ya kuingilia ni ndefu, kwa hiyo ombeni kiti cha magurudumu mlangoni bila aibu. Kurudi mtafika mmechoka. Mama akiwa na nguvu baada ya kulala, mchukueni teksi hadi chini ya Burj Khalifa akaone taa na chemchemi zikicheza usiku, ni bure, na jengo la mita 828 linaonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Asipokuwa nazo, limekwisha, hamkukosa kitu.

Machache ya kukamilisha. Viza inaombwa kabla ya kuondoka, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala mwenye leseni, na pasipoti iwe imebakiza miezi sita. Mkikata tiketi omba kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege kwa ajili ya mama, hakilipiwi, ila uombe angalau siku mbili kabla. Uwanja wa Dubai ni mwendo mrefu, na pia mwenye kiti hupitishwa mbele. Kule saa ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Simu za WhatsApp za sauti na picha kwa kawaida hazipiti, ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita, kwa hiyo wajulisheni nyumbani wasije wakadhani mmepotea.

Na kabla ya yote hayo, wiki hii, ukitoka zamu, kaa naye jikoni wakati anachekecha unga. Usimuulize anataka kuona nini, hilo ameshakujibu. Muulize babu alisimulia nini. Jahazi liliitwaje, walikaa bandarini siku ngapi, alileta zawadi gani. Rekodi kwenye simu. Mdogo wako akisikiliza hiyo, nadhani orodha yake ataipunguza mwenyewe.

Abra iwe siku ya kwanza, na kuirudia msiahirishe kama mimi. Mdogo wako atangulie kushuka, amshike mama mkono, maana kiboti kinayumba unapokikanyaga. Mkalishe kwenye benchi la katikati, uso wake uelekee majini. Shika sarafu mkononi, nahodha atapita kuzikusanya. Mkifika ng'ambo mama akisema mrudie, rudieni. Akisema tena, tena. Ni dirham moja.

Shangazi